Anayetazama Ndiye Anayelaumiwa: Mzigo wa Msimamizi wa Gumzo za Watu Wazima

Mwaka 1991 mahakama ya shirikisho mjini New York iliiachilia CompuServe, kampuni ya huduma za mtandaoni, katika kesi ya kashfa kwa kuwa haikuwa na desturi ya kupitia yaliyoandikwa katika majukwaa yake, na kwa hiyo haikuwa na njia ya kuyajua. Mwaka 1995 mahakama ya jimbo la New York iliamua kwamba Prodigy, kampuni iliyofanya biashara ileile, ni mchapishaji anayewajibika kwa maneno ya mtumiaji asiyejulikana. Sababu kubwa ni kwamba Prodigy ilikuwa na kanuni za adabu, programu ya kuchuja matusi na watu waliopewa kazi ya kufuta ujumbe mbaya. Aliyefumba macho alisalimika. Aliyefagia uwanja wake alidaiwa taka zilizobaki.

Kesi hizo hazikuhusu mapenzi, lakini hakuna mahali zinapouma zaidi ya vyumba vya gumzo vya watu wazima, ambako kila anayekubali kuwa msimamizi anakubali pia kutazama yale ambayo wengine wanaruhusiwa kutoyaona. Bunge la Marekani lilijaribu kuuondoa upotovu huo wa kumwadhibu anayesafisha mwaka 1996 kwa kifungu cha 230 cha Sheria ya Mawasiliano, ambacho kinajulikana zaidi kwa kuyakinga makampuni dhidi ya madai yanayotokana na maneno ya watumiaji. Sehemu yake isiyosemwa sana ni ile inayomlinda anayeondoa kwa nia njema maudhui anayoyaona kuwa machafu, na ulinzi huo umetajwa kuwa wa mtoa huduma au mtumiaji. Kwa maana hiyo hata anayejitolea bila ujira, ambaye si mwajiriwa wala mmiliki, ana sehemu yake katika kinga ambayo wengi hudhani iliandikwa kwa ajili ya matajiri peke yao. Ulaya nayo, katika Sheria ya Huduma za Kidijitali ya mwaka 2022, imetamka kwamba mtoa huduma hapotezi kinga yake kwa sababu tu amefanya uchunguzi wa hiari, na kwamba hawezi kulazimishwa kufuatilia kila kitu. Hata hivyo kinga hiyo humtoka akishajua kwa hakika kuna jambo haramu na asichukue hatua haraka, na ujuzi huo, katika mazingira tunayoyazungumzia, aghalabu huanzia kwenye macho ya msimamizi.

Wanaodai sheria kali zaidi wana ushahidi mzito. Omegle, huduma iliyoanzishwa mwaka 2009 ili kuwakutanisha wageni wawili wawili bila wao kuchaguana, ilifungwa Novemba 2023 kama sehemu ya mapatano na mwanamke ambaye alikuwa na umri wa miaka 11 pale huduma hiyo ilipomkutanisha na mwanamume aliyeendelea kumdhulumu kingono kupitia mtandao. Mtu akisoma habari hiyo kisha akasikia tunatetea kinga, ana haki ya kukasirika. Lakini tuangalie kesi ilipitia mlango gani: jaji aliiruhusu iendelee kwa sababu haikulalamikia maneno ya watumiaji, bali namna huduma yenyewe ilivyobuniwa, yaani uamuzi wa kumweka mtoto na mtu mzima katika chumba kimoja bila kizuizi cha maana. Uamuzi wa aina hiyo ni wa mmiliki. Hakuna msimamizi, awe macho kiasi gani, anayeweza kuuondoa uamuzi huo kwa kufuta ujumbe mmoja mmoja.

Kinachopotea katika mjadala ni kazi yenyewe ilivyo. Msimamizi hukutana na mazungumzo ya watu wawili yanayofanana na dhuluma, kumbe ni igizo walilolikubali. Hukutana pia na mengine yenye lugha laini ambayo ndani yake mmoja amekwisha kukataa mara mbili. Hukutana na mshiriki aliyethibitisha kwa kubofya kitufe kwamba ametimiza miaka 18, kisha akataja mtihani wa shule kesho yake. Akimfungia mtu mzima kwa dhana tu, amemdhalilisha. Akingoja uhakika, huenda amemwacha mtoto humo. (Mimi ningefungia kwanza na kuuliza baadaye, na sioni aibu kusema hivyo.) Na picha ya mtoto ikitumwa, silika ya kuihifadhi kama ushahidi au kumtumia msimamizi mwenzake inaweza kumtia yeye mwenyewe hatiani, kwa kuwa katika nchi nyingi kumiliki na kusambaza picha hiyo ni jinai hata nia ikiwa safi. Sheria ya Marekani inamtaka mtoa huduma aliyeijua aripoti kwa kituo cha kitaifa cha watoto waliopotea na wanaodhulumiwa, lakini haimlazimishi kwenda kuitafuta. Ni wangapi kati ya wanaojitolea waliowahi kuelezwa hata hayo kabla ya kukabidhiwa chumba?

Uingereza, kwa Sheria ya Usalama Mtandaoni ya mwaka 2023, imeuweka wajibu kwa mtoa huduma, na faini inaweza kufika pauni milioni 18 au asilimia 10 ya mapato ya dunia nzima, kiwango kikubwa kati ya hivyo viwili. Tangu Julai 2025 huduma zinazoruhusu ponografia zinatakiwa kuhakiki umri kwa njia madhubuti, si kwa kitufe. Naiona shabaha kuwa sahihi, kwa maana inamfuata mwenye uwezo wa kubadili mfumo. Tatizo ni yule ambaye ni mmiliki na msimamizi kwa pamoja, anayeendesha seva yake kwa ajili ya watu mia mbili wanaofahamiana: mbele ya sheria naye ni mtoa huduma, na njia iliyo rahisi kwake ni kufunga. Wanachama wake hawatatoweka. Watahamia kwenye vikundi vya siri ambako hakuna anayetazama.

Limebaki suala la kumbukumbu. Msimamizi mwadilifu huandika nani alilalamikiwa, kwa tendo gani na lini, maana bila hivyo mdhulumu hurudi kwa jina jipya. Lakini daftari hilo ni orodha ya mambo ya faragha kabisa ya watu, na sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data inaziweka taarifa za maisha ya kingono katika kundi maalumu ambalo kwa kawaida hairuhusiwi kulichakata pasipo sababu iliyotajwa. Likivuja, ndoa na ajira za watu zimo hatarini. Lisipokuwepo, mlalamikaji wa tatu ataambiwa yeye ndiye wa kwanza. Ningependelea daftari fupi, lenye tarehe ya kufutwa, lishikwe na watu wawili tu, na mmiliki ndiye ajibu likivuja, si yule aliyekesha akiliandika.