Kibuyang kina toni zake kwenye karatasi, za kwetu ziko wapi?

Orodha za maneno ya Kibuyang huku Yunnan, kusini mwa China, hunipa raha, kisha hasira. Lugha ya watu 2,000 hivi, wilaya za Guangnan na Funing, lakini huoni neno limeandikwa bila toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobeba maana. Jicho ni ma⁰ta⁵⁴. Tarakimu ni ngazi za sauti, tano kwa jumla, 1 ndiyo ya chini: silabi ya pili inaanzia 5 na kushukia 4, ya kwanza ni hafifu, ina 0. Hata hiyo hafifu haiachwi, maana Kithai, ndugu yake, kimeshaipoteza.

Sasa chukua orodha ambazo vijana wetu wanakusanya kwa bibi zao, za Kihaya au Kikikuyu. Toni hakuna. Eti mwenye lugha ataelewa! Na mjukuu aliyekulia Kiswahili tupu? Huyo atatia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kila neno, aone amesoma sawa.

Najua mtasema: kapanda ndege, sasa anatufundisha lugha za mama zetu. Wala sisemi huku ni peponi. Kwenye vitambulisho Wabuyang wengi wameandikwa Wazhuang, kabila jingine kubwa, na shuleni ni Kichina. Wanaisimu wetu nao wameandika toni za kwetu vizuri sana, ila kazi zao zimelala kwenye tasnifu.

Kazi yenyewe haihitaji maabara. Rekodi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, si kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Neno litamkwe mara tatu peke yake, kisha ndani ya sentensi moja isiyobadilika. La mwisho kwenye orodha usiliamini: sauti hushuka kwa sababu msemaji anamaliza. Na 5 ya mzee inaweza kuwa chini ya 3 ya binti yake, kwa hiyo kila mtu apimwe kwa sauti yake mwenyewe.

Ila msinakili tarakimu hizi za 1 hadi 5 za huku China zilivyo. Lugha zetu ni jeuri zaidi, na hapo natamba kidogo: toni ya Kikikuyu husogea silabi moja kulia, ya kitenzi hubadilika na njeo, yaani wakati wa tendo. Rekodi nomino ikiwa peke yake, baada ya kitenzi, na kabla ya neno jingine, ndipo uweke alama kwenye silabi zenye toni ya juu tu. Anayelalamika kwamba alama zinachosha macho, aziweke kwenye kamusi. Biblia na magazeti yabaki yalivyo.