Wazee wanaotoweka kwenye tafiti: ni wangapi, au ni akina nani?

Ripoti za tafiti zinazofuatilia wazee kwa miaka mingi huwa na sentensi moja fupi, imejificha katikati: asilimia kadhaa ya washiriki hawakupatikana awamu ya mwisho. Baada ya hapo mambo yanaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakosoaji wanasema sentensi hiyo peke yake inatosha kuyatilia shaka matokeo yote. Watakwimu wanajibu kwamba dawa yake ipo siku nyingi. Kila upande una hoja, ila wote wawili wanapenda kuvutana juu ya ile asilimia, na kwa maoni yangu asilimia ndiyo inayotuambia machache kuliko yote.

Wakosoaji wana ushahidi wa zamani. Mwaka 1956 mwanasaikolojia K. Warner Schaie alianza kuwapima uwezo wa akili watu wazima 500 huko Seattle, Marekani, akarudia zoezi hilo kila baada ya miaka saba. Waliorudi kupimwa tena walikuwa, tangu siku ya kwanza, na alama za juu kuliko wasiorudi. Tafiti nyingine zimeona hali hiyohiyo: anayetoweka aghalabu ni mgonjwa zaidi, ana elimu ndogo zaidi, au kumbukumbu yake imeshaanza kuyumba.

Tupige hesabu ya kubuni. Wazee 100 wanapimwa kumbukumbu. 60 wanapata alama 50, na 40 wanapata 30. Wastani ni 42. Miaka minne baadaye kila mmoja amepoteza alama 4, lakini katika wale 40 dhaifu, 30 hawakuja. Wastani wa waliobaki sasa ni 43. Hakuna hata mmoja aliyepata nafuu, na bado kundi linaonekana limesonga mbele! Tena hapo hatujagusa suala la mazoea, maana anayefanya jaribio lilelile mara ya tatu huwa amelizoea.

Upande wa pili utasema kosa hapo ni la mpiga hesabu. Ni kweli. Angemfuata kila mzee na kumlinganisha na alama zake mwenyewe za awali, angeona alama 4 zimepotea, bila kudanganywa na nani kaondoka. Zipo pia njia za kumpa uzito mkubwa zaidi aliyebaki anayefanana na walioondoka, au kukadiria majibu yaliyokosekana kwa kutumia yale waliyoyatoa awali. Nazo hufanya kazi vizuri, mradi sababu ya kuondoka imo ndani ya taarifa zilizokwisha kusanywa.

Shida iko kwenye hilo neno mradi. Tuseme wale 30 hawakupoteza 4 bali 10, na kuporomoka huko ndiko kulikowafanya wasije. Katika daftari la mtafiti mporomoko huo haumo, kwa sababu ulitokea baada ya kipimo cha mwisho. Hesabu itawafananisha na wale 10 waliobaki, na hao ndio wasiofanana nao. Hapa hata fomula nzuri namna gani inabahatisha, na mtakwimu mkweli atakiri hivyo, kisha aonyeshe matokeo yanavyobadilika akibadili dhana zake.

Kuna kosa jingine la kuchanganya waliokufa na waliojitoa. Aliyejitoa bado ana kumbukumbu ambayo hatukuipima. Marehemu hana cha kupimwa. Kumjazia alama marehemu ni kuchora jamii isiyokuwapo. Lakini kifo nacho huchuja: wavutaji sigara wengi hufa kabla ya umri ambao ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu hushika kasi, na wanaosalia wanaweza kuifanya sigara ionekane haina madhara makubwa kwa ubongo.

Kwa hiyo mimi naegemea kwa wanaotumia fedha kumfikia mzee kabla ya kurekebisha hesabu. Utafiti wa Health and Retirement Study (yaani wa afya na kustaafu) wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, ulioanza mwaka 1992, huruhusu ndugu au mlezi kujibu kwa niaba ya mhojiwa asiyeweza, na baada ya kifo huzungumza na mtu aliyekuwa karibu naye. Majibu ya mlezi si sawa na ya mwenyewe, kweli, lakini yanaeleza kwa nini kiti ki tupu.

Na kubaki na karibu kila mtu si tiba kamili. Mtafiti David Snowdon alifuatilia watawa wa kike 678 nchini Marekani, waliokubali hata ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Wachache mno walimponyoka. Lakini wanawake wasio na watoto, wasiovuta sigara, wanaoishi pamoja chini ya kanuni moja, si picha ya wazee wote.

Kumfikia mzee nako kuna mpaka. Mshiriki ana haki ya kujitoa bila kutoa sababu, na simu ya tano kwa mtu aliyechoka si sayansi tena, ni usumbufu. Ugumu unazidi pale anayekataa ni mwanawe, wakati mzee mwenyewe hawezi tena kuamua. Hilo lingeulizwa mapema, siku ya kusaini ridhaa, akili ikiwa bado timamu: ukishindwa kujibu, tumuulize nani, na kuhusu mambo gani? Kisha ripoti ioneshe, badala ya asilimia moja, safu tofauti za waliokufa, waliokataa, waliohama, waliougua na waliozuiwa na familia zao kushiriki, pamoja na alama za kila kundi katika kipimo chao cha mwisho.