Kulungu kala sukuma yangu

Asubuhi hii nachungulia dirishani hapa Pennsylvania, sukuma wiki yangu yote imekwenda, vimebaki vijiti tu. Mbegu nililetewa kutoka Kongowea, Mombasa, jamani! Na mwizi bado kasimama palepale, kulungu jike, atafuna aniangalia. Kumpigia kelele akainua ule mkia mweupe akaruka fensi, na jirani yangu ampiga picha, ati mzuri.

Nikampigia mamangu Kisauni kumlilia. Nikamwambia mama huku hawa ndio balaa, ikifika mwezi wa kumi na moja madume yakifukuza majike hayaangalii barabara, wewe na gari lako ni Mungu tu. Akacheka wee. "Mnyama wa kuonekana huyo, balaa gani mwanangu?"

Na kweli, wa kwetu, mbu, haonekani. Kadude kenye mistari myeupe miguuni, chauma mchana kweupe, na hakitaki mtaro, chataka maji safi, yale yale tuliyoweka kwenye pipa kwa sababu maji ya mfereji mwayajua wenyewe, hayaji kila siku. Ukimwaga maji mayai yaganda pembeni mwa pipa yasubiri hata miezi, ukijaza tena yaanguliwa.

Najua mshaanza, huyu kaenda Marekani juzi sasa hata mbu awalinganisha. Kwani mimi sikuwepo 2018? Chikungunya, ugonjwa wa mbu huyu huyu, ilinilaza, chooni nilikuwa naenda nimeshika ukuta kama kizee. Sijidai, nasema tu kulungu huku ana msimu wa kuwindwa, ana leseni, ana kibao chake barabarani, kuna mtu alipwa mshahara kwa kumhesabu, na 1959 wakamfanya mnyama rasmi wa jimbo kabisa! Mbu wetu ana nini? Moshi siku mbili watu wakishaugua, basi, mpaka mwakani.

Halafu wewe utakayeniambia "si urudi", ngoja nikwambie, huyo mbu mwenyewe asili yake Afrika, alipanda meli zamani hizo akafika Marekani akakaa mpaka leo, bila viza. Mbona yeye hamumwambii arudi?

Mama ataka hela ya vifuniko vya mapipa, nimetuma. Na mimi nimetoka dukani saa hii na wavu. Miaka yote nimelala ndani ya chandarua, leo nailaza sukuma.