Ushauri wa rika na asilimia 4 ya vijana

Kila unapotajwa mpango wa vijana kushauriana wao kwa wao ili mawazo yao yafikie utekelezaji, hakosekani mtu mzima wa kuuliza kipofu atamwongozaje kipofu mwenzake. Swali hilo lina uzito. Kijana wa miaka 24 aliyefungua karakana mwaka jana hajapitia msimu mbaya hata mmoja, hana mfanyabiashara wa Kariakoo wa kumkopesha mali kwa kuaminiana tu, wala hana jina la kumdhamini mwenzake. Hayo ni ya aliyeishi kwingi, na huwezi kuyaazima kwa mtu wa rika lako.

Hata hivyo, wanaouliza hivyo sidhani kama wametazama kwa karibu ni wapi hasa mawazo ya vijana wa Dar es Salaam hukwama. Tuchukue mikopo ya halmashauri isiyo na riba. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na fungu la vijana ni asilimia 4. Asilimia 4 hiyo hutajwa majukwaani kana kwamba ikishatengwa imeshafika. Kumbe kati ya fungu hilo na kijana wa Tandika kuna kikundi cha kuunda na kusajili, katiba ya kuandika, muhtasari wa kikao, akaunti ya benki yenye jina la kikundi, andiko la mradi, na safari za kwenda na kurudi ofisi ya serikali ya mtaa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai hekima ya miaka 30. Yanadai mtu aliyeyapitia juzi. Tena mikopo yenyewe ilisitishwa mwaka 2023, baada ya ukaguzi kuibua vikundi hewa na marejesho yasiyolipwa, ikarejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kwa hiyo mzee aliyekopa zamani, kwa nia njema kabisa, anaweza kumwelekeza kijana kwenye mlango uliokwisha kufungwa.

Niliwahi kukaa na mabinti wawili Tandika, mmoja akitengeneza sabuni ya maji, mwenzake akiwa amemtangulia kwa mwaka mmoja tu. Yule wa pili alitoa bahasha ya kaki, akachomoa muhtasari wenye alama za kalamu nyekundu. “Hapa ndipo waliponirudisha, shoga. Majina ya wanachama hayakufanana na ya vitambulisho vya NIDA.” Kisha akamweleza kwamba safari ya kutafuta alama ya ubora ya TBS, kwa mjasiriamali mdogo kama yeye, huanzia kwenye barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo. Mazungumzo yote hayakufika nusu saa. Ofisa maendeleo ya jamii angeweza kuyasema yaleyale, lakini binti yule asingethubutu kumuuliza mara tatu.

Wasiwasi wangu hauko kwenye umri wa mshauri. Rika husambaza makosa kwa kujiamini kulekule linakosambazia maarifa: nimesikia vijana wakishauriana wasichukue namba ya mlipakodi “wasije wakakadiriwa,” ushauri unaomfungia mtu nje ya akaunti na zabuni. Isitoshe, wauza sabuni wa mtaa mmoja ni washindani, na haifai kujifanya hatulioni hilo. Waelimishaji rika wa Ukimwi waliaminika kwa kuwa walipewa mafunzo na walikuwa na mhudumu wa afya wa kumrudia walipokwama. Ushauri wa rika katika biashara nao unahitaji mtu wa namna hiyo nyuma yake, na hapo ndipo wazee wangefaa zaidi kuliko kukalia kiti cha mbele.

Ushauri huo unahitaji pia nauli. Binti mwenye bahasha alipanda daladala mbili kufika Tandika, akafunga genge lake mchana kutwa, na mipango mingi ya aina hii humhesabu mtu kama huyo kuwa wa kujitolea.