blink() bado ipo, ila haiwaki wala haizimi

blink() ni metodi, yaani amri ndogo, ya JavaScript, lugha ya programu inayoendesha kurasa za wavuti. Fungua kivinjari kwenye kompyuta, bonyeza F12, ingia kwenye konsoli (sehemu ya kuandikia amri) uandike "habari".blink() kisha Enter. Hakuna kosa litakalotokea. Utajibiwa kwa utulivu kabisa: <blink>habari</blink>. Tagi hiyo, alama ya HTML inayokiambia kivinjari maandishi yaonekaneje, ilibuniwa kwenye kampuni ya kivinjari ya Netscape miaka ya 1990 ili maandishi yawake na kuzima kama taa za baa. Firefox iliitupa mwaka 2013, na Chrome haijawahi kuitambua. Metodi yenyewe haina habari. Inafunga mzigo vizuri na kuupeleka kwa mtu aliyekwishahama.

Ina ndugu 12 kwenye JavaScript: bold(), big(), fontcolor(), strike() na wenzao. Kichekesho ni kwamba ziliingia kwenye kiwango rasmi cha lugha, ECMAScript, mwaka 2015, tena kwenye kiambatisho cha mambo ya kizamani. Zilipewa cheti cha kuzaliwa zikiwa zimeshastaafu. Vivinjari vinazitunza ili tovuti za kale zisivunjike, na hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na sisi tunaoendelea kuziandika.

Niliwahi kurithi mfumo wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa. Majina ya wenye madeni yalitokea mekundu, na kila mahali aliyenitangulia alikuwa ameandika jina.fontcolor("red"). Mhazini akanipigia: "Mwanangu, wanachama wanalalamika, hiyo rangi inawaaibisha. Tuwekee hata ya chungwa." Nikamjibu, dakika tano tu mama. Nikatafuta red kwenye mafaili yote, nikaletewa credit, redirect na shared, lundo zima. Magharibi ikanikuta bado nachambua. Kama rangi ingekaa kwenye CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa, ambayo ipo tangu Desemba 1996, ingekuwa mstari mmoja na chai yangu isingepoa.

Rangi lakini ni usumbufu tu. Kilichonitoa jasho ni kwamba metodi hizi hazisafishi maandishi zinayopewa. Zinayavika tagi kama yalivyo, halafu mtu anayamwaga ukurasani kwa innerHTML, ambayo huzichukua tagi zilizomo kama tagi za kweli. Nikamsajili mwanachama wa majaribio, jina lake <img src=x onerror=alert(1)>. Hiyo ni tagi ya picha isiyokuwepo, yenye amri ya kutoa tahadhari picha ikikosekana. Nilipofungua orodha ya madeni, kisanduku cha tahadhari kikaruka katikati ya skrini. Yaani mwanachama yeyote mtundu angeweza kuendesha kodi yake (ya programu, si ya serikali) ndani ya ukurasa wa mhazini, mhazini mwenyewe akiwa ameingia kwa nywila yake. Na fomu ya kujisajili ilikuwa wazi kwa kila mtu.

Tiba yake haina maajabu. Unatengeneza span (tagi tupu ya kushikia maandishi), jina unaliweka kwa textContent, ambayo hulichukua kama maandishi tu, unaipa klasi ya "deni", na CSS inajua rangi. Yule mwanachama wangu wa ajabu sasa anaonekana jina lake zima, mabano yote, akiwa ametulia kwenye mstari wake kama wadaiwa wengine.

Nimezing'oa zote isipokuwa moja. Kwenye ripoti ya mwisho wa mwezi kuna "JUMLA".big(), neno limeandikwa humo humo kwenye kodi, halitoki kwa mtu. Nilitaka kuiondoa nayo, mhazini akakataa. Anasema bila hiyo JUMLA kubwa haoni vizuri.