Farasi wa 1936 na farasi wa leo: alama ya kasi inapima nini?

Mwaka 1936 farasi wa kijivu aitwaye Mahmoud, mali ya Aga Khan wa Tatu, alishinda Derby ya Epsom, Uingereza, kwa dakika 2 na sekunde 33.8. Rekodi hiyo ilidumu miaka 59, hadi Lammtarra, farasi wa ukoo wa Maktoum wa Dubai, alipotumia 2:32.31 mwaka 1995. Katikati hapo, mwaka 1981, Shergar wa Aga Khan wa Nne alishinda Derby hiyohiyo kwa kuwaacha wenzake urefu wa farasi 10, pengo ambalo hakuna mshindi mwingine aliyewahi kulifikia katika historia ya mbio hizo. Muda wake ulikuwa 2:44.21.

Tukisikiliza saa peke yake, Shergar yuko nyuma ya Mahmoud kwa zaidi ya sekunde 10. Farasi wa mbio hupita urefu wake mara tano au sita kwa sekunde, kwa hiyo Mahmoud angemwacha Shergar kwa urefu wa farasi 50 na zaidi. Hakuna mtu wa mbio za farasi anayekubali jambo hilo. Mwaka 1936 ardhi ya Epsom ilikuwa kavu na ngumu, mwaka 1981 ilikuwa imelowa. Yeyote aliyewahi kutazama mbio za Ngong, Nairobi, kabla ya masika na baada yake anajua nyasi zilezile zinavyoweza kuwa njia mbili tofauti kabisa.

Ndiyo maana alama za kasi zilibuniwa, na kabla ya kuzikosoa ni haki kusema zilivyo kazi ya akili kubwa. Anayejulikana zaidi ni Andrew Beyer, mwandishi wa Washington Post, aliyeeleza mbinu yake kwenye kitabu mwaka 1975, na tangu 1992 alama zake zimekuwa zikichapishwa na gazeti la Daily Racing Form, ambalo wabashiri wa Marekani hulitegemea. Mbinu yenyewe ni hii. Kwanza unajua farasi wa daraja fulani, kwenye uwanja fulani, kwa umbali fulani, kwa kawaida hutumia muda gani. Kisha unatazama mbio zote za siku ile. Kama karibu zote zimekimbiwa kwa kasi kuliko kawaida, unaamua kwamba uwanja ulikuwa mwepesi siku hiyo, na unawapunguzia farasi wote kiasi kilekile. Kama zote zimechelewa, uwanja ulikuwa mzito, na unawaongezea. Kinachobaki baada ya kuuondoa uwanja ndicho unachohesabu kuwa uwezo wa farasi.

Kwa mtu anayetaka kujua nani atashinda Jumamosi ijayo, hiki ni chombo cha kuheshimiwa. Kimewaumbua farasi wengi waliosifiwa kwa sababu tu walikimbia siku uwanja ulipokuwa mwepesi, na kimewainua wengine waliodharauliwa. Na saa nayo si malaika. Secretariat, farasi mashuhuri wa Marekani, aliposhinda mbio za Preakness huko Maryland mwaka 1973, saa rasmi ya uwanja ilitoa 1:55, kisha ikasahihishwa kuwa 1:54 2/5, huku wapima muda wawili wa Daily Racing Form wakiwa wameandika 1:53 2/5. Ilibidi kusubiri hadi 2012, baada ya mmiliki wake Penny Chenery kuomba suala lisikilizwe na picha za video kuchunguzwa upya, ndipo tume ya mbio ya Maryland ikakubali 1:53 kamili. Miaka 39 rekodi ya mbio kubwa ilikaa vitabuni ikiwa na kosa. Anayetetea alama ana haki ya kuuliza: mnataka tumwamini nani, saa hiyo au mtu aliyezichambua mbio zote za siku ile kwa makini?

Ugomvi unaanza alama hizo zinapotolewa nje ya msimu wake na kupewa kazi ya kuamua nani alikuwa bora katika historia nzima. Hesabu inayorudiwa sana ni hii: Secretariat alipata alama ya Beyer 139 kwenye Belmont Stakes, mbio kubwa za New York, mwaka 1973, Flightline alipata 126 kwenye mbio za Pacific Classic, California, mwaka 2022, basi mjadala umekwisha. Mwingine anaigeuza: alama za zamani zimetiwa chumvi, farasi wa leo ndiye bora. Anayesema kwamba namba hizo mbili haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja huambiwa ni mzee anayelilia ujana wake, asiyependa hesabu. Hapo ndipo naona pana dhuluma. Hoja ya watu hawa ni ya kihesabu kuliko ya wanaowacheka, na inastahili kuelezwa hadi mwisho.

Turudi kwenye mbinu. Tumejuaje kwamba uwanja ulikuwa mwepesi siku ile? Kwa sababu farasi walikimbia kwa kasi kuliko ilivyotarajiwa. Na tulitarajia nini? Tulitarajia kwamba farasi wa daraja hilo leo ni sawa na farasi wa daraja hilo mwaka jana. Ndani ya mwaka mmoja dhana hiyo haina madhara. Lakini tuseme farasi wote wa nchi, kwa sababu ya uzalishaji, lishe, mafunzo au dawa, wanaongeza kasi kidogo kila mwaka, kiasi ambacho hakionekani kwa jicho. Mbinu itafanya nini? Itaona mbio zote zinakimbiwa kwa kasi zaidi kidogo, itasema uwanja umekuwa mwepesi kidogo, na itaiondoa tofauti hiyo. Mwaka unaofuata itafanya vilevile. Baada ya miaka 50 farasi wamebadilika na alama zimebaki palepale. Ni kama fundi cherehani anayepima kwa utepe wa mpira unaovutika pamoja na kitambaa: kila nguo atakayoipima itakuwa na urefu uleule.

Na kinyume chake ni hivyohivyo. Ikiwa farasi wamedhoofika, utepe utasinyaa nao na hakuna atakayeona. Watengeneza alama wanaweza kuweka vizuizi, kwa mfano kurudi kwenye muda wa kawaida wa madaraja na kuuhakiki kila baada ya miaka. Lakini uhakiki huo nao unahitaji mtu aamue kama kilichobadilika ni ardhi au ni mnyama, na hakuna farasi aliyekimbia mwaka 1973 ambaye tunaweza kumleta leo atusaidie kuamua. Kila jibu litakalotolewa hapo limetoka kichwani mwa anayehesabu. Halikutoka kwenye saa.

Je, kasi ya farasi imebadilika kweli? Wanasayansi wenyewe hawakuwa na neno moja. Mwaka 2008 Mark Denny alionyesha kwamba muda wa washindi wa mbio kubwa tatu za Marekani ulikuwa umesimama kwa miongo kadhaa, kana kwamba farasi wamegonga dari. Mwaka 2015 Patrick Sharman na Alastair Wilson wa Chuo Kikuu cha Exeter walichambua mbio za Uingereza tangu 1850 hadi 2012, zaidi ya rekodi 616,000 za muda kutoka kwa farasi zaidi ya 70,000, wakakuta kasi bado inapanda, hasa kwenye mbio fupi. Ukikubali matokeo ya Exeter, basi kigezo chochote kinachodhani kwamba daraja la leo ni daraja la zamani kinawapendelea farasi wa zamani katika mbio fupi. Ukikubali ya Denny, hakina upendeleo mkubwa. Alama yenyewe haiwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo mawili, maana imejengwa juu ya jibu la swali hilohilo.

Hiyo 139 ya Secretariat ina tatizo lake la pekee. Haikuchapishwa mwaka 1973 pamoja na za farasi wengine wote. Ilihesabiwa kwa kurudi nyuma. Belmont ni maili moja na nusu kwenye udongo, umbali ambao farasi wa Marekani karibu hawaukimbii popote pengine, kwa hiyo kiwango cha kawaida cha kulinganishia ni haba sana, na mhesabu hulazimika kukisia kutokana na mbio fupi za siku ile. Farasi walikuwa watano tu. Saa ilisema 2:24, pengo lilikuwa urefu wa farasi 31, na hadi leo hakuna aliyeikaribia rekodi hiyo kwenye mbio hizo. Mambo hayo hayahitaji alama ili yatuache midomo wazi. Alama inaongeza nini juu yake, zaidi ya sura ya uhakika?

Kuna pia vitu ambavyo alama haiviingizi kabisa. Mwezi Agosti 1968, kwenye uwanja wa Arlington karibu na Chicago, Dr. Fager alikimbia maili moja ya udongo kwa 1:32 1/5 akiwa amebeba ratili 134, karibu kilo 61. Mwaka 2003 Najran alikimbia maili hiyo kwenye uwanja wa Belmont Park, New York, kwa 1:32.24, amebeba ratili 113. Saa ya kwanza ilihesabu kwa sehemu za tano za sekunde, ya pili kwa sehemu za mia. Tofauti ya mzigo ni ratili 21, karibu kilo tisa na nusu. Alama za Beyer hazihesabu uzito. Zile za Ragozin, mtengeneza alama mwingine wa Marekani, zinauhesabu. Kwa hiyo wataalamu wawili wenye sifa, wakiwatazama farasi haohao, wanaweza kukupa majibu mawili, na tofauti yao inakua kadiri unavyorudi kwenye zama ambazo farasi mashuhuri walipewa mizigo ambayo leo hakuna mmiliki angeikubali. Zaidi ya hapo, Marekani saa haianzi geti linapofunguka. Huanza baada ya farasi kukimbia masafa fulani, na masafa hayo hutofautiana kati ya uwanja na uwanja, hata kati ya mbio na mbio.

Mfano mzuri kuliko yote wa jinsi zama moja inavyoweza kuihukumu nyingine ulitokea Januari 2013, na haukutoka kwa wapima saa. Ulitoka kwa maofisa wanaopanga viwango rasmi vya dunia kwa kuangalia nani kamshinda nani, kwa pengo gani, na kwa mzigo gani. Frankel, farasi wa Uingereza, alikuwa amestaafu bila kushindwa, mbio 14 ushindi 14, na kiwango chake kilikuwa 140. Lakini kitabuni Dancing Brave wa 1986 alikuwa na 141. Maofisa walitangaza kwamba baada ya uchunguzi wameona viwango vya miaka ya mwanzo vilikuwa juu mno, wakavishusha. Dancing Brave akawa 138. Shergar, aliyetekwa 1983 na hakuonekana tena, akatoka 140 hadi 136. Alleged akatoka 140 hadi 134. Frankel akabaki peke yake kileleni.

Sidhani kwamba walidanganya. Walikuwa na sababu: viwango vya kila mwaka hujengwa juu ya vya mwaka uliotangulia, na kosa dogo linalorudiwa miaka mingi huwa kosa kubwa. Kuliacha nalo kungekuwa kuwadhulumu farasi wa baadaye. Na huenda Frankel alikuwa bora kuliko wote. Timeform, kampuni ya Uingereza inayopima farasi tangu 1948, ilimpa 147 na kumweka juu ya Sea-Bird wa 1965 mwenye 145, bila kumgusa mtu wa zamani. Lakini tazama kilichohitajika ili marekebisho yale yawezekane. Ilibidi kudhani kwamba kundi la farasi bora wa mwishoni mwa miaka ya 1970 halikuwa bora kuliko kundi la miaka ya 2000. Hilo ndilo swali tulilotaka kujibiwa, na liliingizwa mwanzoni kama dhana. Shergar hakukimbia tena hata hatua moja kati ya 1981 na 2013. Kilichobadilika ni maoni ya watu kuhusu wenzake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Alama ya kasi hupima kwa haki umbali kati ya farasi na wenzake wa msimu wake, kwenye viwanja vyake. Tukitaka kuvuka zama, tulinganishe jambo hilo: nani aliwaacha wenzake mbali zaidi, akibeba nini, dhidi ya wangapi, mara ngapi. Hapo Shergar ana la kusema, Frankel analo, na Flightline, aliyeshinda Pacific Classic kwa urefu wa farasi 19 na robo, analo pia. Namba moja isiyo na mwaka wake haina haki kwa yeyote kati yao. Ningependa kila alama ya kihistoria ichapishwe pamoja na mwaka, mzigo, uwanja, na kiwango cha wastani cha waliokimbia mwaka huo, ili msomaji apime mwenyewe.

Hoja hii inazidi uzito kadiri viwanja vyenyewe vinavyotoweka. Dubai Millennium aliweka rekodi ya 1:59.50 kwenye Kombe la Dunia la Dubai mwaka 2000 juu ya udongo wa Nad Al Sheba. Mwaka 2010 mbio zikahamia Meydan juu ya ardhi ya kutengenezwa, na mwaka 2015 mbio zikarudi kwenye udongo palepale Meydan. Arlington alikokimbia Dr. Fager ilifungwa 2021 na kubomolewa. Belmont Park inajengwa upya, na mwaka 2024 na 2025 Belmont Stakes ilikimbiwa kwenye uwanja wa Saratoga kwa maili moja na robo, kwa kuwa njia ya huko haikuruhusu umbali wa kawaida. Mbio zitakaporudi nyumbani, watengeneza alama watalazimika kuanza tena kukusanya muda wa kawaida wa uwanja mpya, na 2:24 ya Secretariat itasomwa pembeni yake kama rekodi ya mbio zilezile.