Mganda jukwaani: marudio yakatwe au yaachwe?

Ukiupeleka mganda, ngoma ya kando ya Ziwa Nyasa, ukumbini Mbeya au Iringa, mwalimu wa jukwaa atakuambia kwanza upunguze marudio. Ana hoja. Watu wamekaa upande mmoja, hawainuki kuingia kucheza, na dakika ni chache. Hatua ileile mara 16 itawafanya watoe simu. Kwa hiyo analeta mbinu zake: safu zipokezane, kila moja ikianza nyuma kidogo ya iliyotangulia badala ya kwenda pamoja, au kipande kichezwe kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Lakini marudio haya yana kazi. Mganda ulitokana na beni, ngoma ya pwani iliyoiga kwata na bendi za kijeshi, ikasambazwa bara na askari wa vita vya 1914–1918. Uzito wake uko kwenye safu. Hatua inarudiwa mpaka mabega yote yanashuka kwa pamoja, mabuyu wanayoyapuliza yanavuma kwa sauti moja, ndipo kiongozi anapuliza filimbi na wote wanabadilika. Ukiyakata marudio, filimbi haina cha kuvunja.

Na huko kupokezana kunakosifiwa kuna hesabu yake. Chukua kipande cha mapigo 8, safu 4, kila safu ikianza mapigo 2 nyuma ya iliyotangulia. Safu ya kwanza inamaliza pigo la 8, ya nne pigo la 14. Ili wakutane tena, ya kwanza ingoje mapigo 6, ya pili 4, ya tatu 2. Kama hawakupangiwa cha kufanya hapo, wanasimama kama nguzo za uzio. Na safu ya mbele, isiyowaona walio nyuma, huwahi kuanza. Ukipunguza pengo liwe pigo 1 ni balaa zaidi: huyu anatua kulia, jirani kushoto, na lawama anabebeshwa mpiga ngoma.

(Kucheza kinyumenyume tusipotezee muda. Kishindo cha mwisho kikiwa cha kwanza, hata mwenye ngoma yake haitambui.)

Kupokezana kunafaa mara moja, wakati wa kuingia. Katikati, kinachomchosha mtazamaji ni kuona upande mmoja tu. Basi hatua ibaki, mwelekeo ubadilike: mara 8 safu ikitazama watu, mara 8 ikiwapa ubavu, mara 4 mgongo, kisha filimbi. Na apulize aliyemo ndani ya safu, anayesikia vishindo vya wenzake, si mwalimu anayehesabu nyuma ya pazia.